Kilwa, mwaka 1331: tuusome ukurasa wote

Hotuba kwa walimu wa historia na vijana waongoza wageni, Kilwa Masoko

Wazee wetu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaovusha wageni kwenda Kisiwani: asalaam aleikum, na shikamooni kwa mnaostahili.

Mmeniomba nizungumzie historia ya Kilwa. Hiyo ni kazi ya wiki nzima, nami nimepewa muda wa kunywa chai. Kwa hiyo nimechukua mwaka mmoja tu, 1331, ambao sehemu yake kubwa ni mwaka 731 wa Hijria. Nimeuchagua kwa sababu ndio mwaka ambao wageni wenu huusikia zaidi kutoka vinywani mwenu, ingawa kwa sentensi moja: Ibn Battuta alifika hapa akasema Kilwa ni katika miji mizuri kabisa, iliyojengwa vizuri. Tunaisema, mgeni anapiga picha, tunasonga mbele. Sina ugomvi na sentensi hiyo. Ninachogombania ni kwamba tunaikata pale pale, na yanayofuata katika ukurasa huo huo ndiyo yenye uzito. Mengine hayatupendezi, na nadhani ndiyo sababu tunayaruka.

Kwanza tumjue shahidi wetu. Alikuwa mtu wa Tangier, Morocco, aliyezaliwa mwaka 1304. Alitoka kwao mwaka 1325 kwenda kuhiji, kijana wa miaka 21, na safari hiyo ikazaa safari nyingine hata akakaa nje karibu miaka 24. Alisoma fiqhi ya Maliki. Hakuwa mfanyabiashara, na alipofika mahali alitafuta makadhi, mashekhe na wafalme, wala si bei ya pembe. Kitabu chake hakukiandika kwa mkono wake. Alimsimulia mwandishi aitwaye Ibn Juzayy mjini Fez, kwa amri ya sultani wa huko, na kazi ikamalizika mwaka 1355. Maana yake tunachosoma ni mtu mzima wa miaka hamsini na moja anayekumbuka alichokiona kabla hajafika thelathini. Hata mwaka wenyewe wapo wataalamu wanaousogeza nyuma kidogo, kwa kuwa hesabu za hija zake hazikai sawa. Wengi wamebaki na 1331, nami nabaki nao.

Alikuja kwa kaskazi, kama walivyokuja wote. Alitoka Aden, akavuka hadi Zeila, bandari ya Somalia ya leo, na Zeila hakuipenda hata chembe. Aliuita mji mchafu, unaonuka samaki na damu ya ngamia wanaochinjwa njiani, na ingawa bahari ilikuwa imechafuka, yeye na wenzake waliona heri walale chomboni kuliko kulala mjini. Liwekeni hilo akilini. Mtu huyu hakuwa akigawa sifa bure, kwa hiyo anapoisifu Kilwa, sifa hiyo ina thamani yake.

Kutoka Zeila walisafiri siku kumi na tano hadi Mogadishu, na hapo naomba tukae kidogo, kwa sababu hapo ndipo anapotuonyesha desturi ya biashara ya pwani yetu ilivyokuwa. Chombo kinapotia nanga, vijana wanakifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kijana anamkabidhi mfanyabiashara mmoja sinia lake na kusema: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni huyo anafikia kwa mwenyeji wake, anauza kwa mkono wake, ananunua kwa mkono wake. Mwenye mazoea na mji anaweza kwenda anakotaka, lakini mgeni mpya bila mwenyeji hana soko. Someni desturi hiyo kwa jicho la biashara na mtaona ni mfumo mzima: udalali, dhamana na nyumba ya kulala, vyote ndani ya sahani moja. Wenzake chomboni waliposema kwamba Ibn Battuta si mfanyabiashara bali ni mwanachuoni, mambo yalibadilika. Akaja kadhi kumpokea, na ikabidi apelekwe kwanza kwa sultani wa mji, ambaye watu wake walimwita Shekhe, Abu Bakr bin Umar. Shekhe huyo alizungumza lugha ya mji wake, lakini Kiarabu pia alikijua.

Kisha kikaja chakula, na hapa mzee wetu wa Fez, miaka zaidi ya ishirini baadaye, anakumbuka kila bakuli. Wali uliopikwa kwa samli, umewekwa katika sinia kubwa la mti. Juu yake vitoweo: kuku, nyama, samaki, mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa freshi, katika bakuli lake. Maziwa ya mgando katika bakuli jingine, na juu yake ndimu za achari, pilipili zilizolowekwa kwa siki na chumvi, tangawizi mbichi, na maembe. Embe ilimshangaza. Anaieleza kama tofaha lenye kokwa, tamu sana ikiiva, na ikiwa mbichi ni kali kama ndimu, nao huitia siki wakaifanya achari. Walaji, anasema, wakitia tonge la wali mdomoni hufuatisha kipande cha achari. Akina mama mliomo humu hamhitaji kueleweshwa. Mngeweza kuandaa karamu hiyo kesho bila kuuliza chochote. Anaongeza kwa mshangao kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kiasi cha kundi zima la watu wa kwao. Na kabla ya chakula hicho alikuwa ameshapewa tambuu na popoo, na marashi ya waridi ya Damascus.

Mombasa alilala usiku mmoja tu na maelezo yake ni mafupi. Kisiwa kisicho na mashamba bara, ndizi na ndimu kwa wingi, tunda analoliita jammun ambalo mimi nalihisi kuwa ni zambarau, watu wanaokula ndizi na samaki, na nafaka inaletwa kutoka nchi ya Sawahili. Misikiti ni ya mbao, imejengwa imara. Lakini kwenye mlango wa msikiti aliona kitu ambacho kwangu kinazidi maelezo yote ya kasri: kisima kimoja au viwili, vya kina cha dhiraa moja au mbili, na chombo cha mti kilichochomekwa kijiti chembamba cha dhiraa moja cha kutekea maji. Bibi zetu wangekiita kata bila kufikiri. Uwanja umesawazishwa, watu wanatembea peku, kila anayeingia ananawa miguu na kuifuta kwenye kipande cha mkeka mgumu kilichowekwa mlangoni. Hapo historia inanuka maji na mkeka. Mwalimu anayefundisha mwaka 1331 bila kisima kile amewanyima watoto kitu wanachokijua kwa mikono yao.

Sasa tufike kwetu.

Anasema Kilwa ni mji mkubwa wa pwani, wakazi wake wengi ni Wazanji, kama Waarabu walivyowaita watu weusi wa pwani hii, weusi sana, wenye chale usoni. Anasema mfanyabiashara mmoja alimweleza kwamba Sofala, bandari ya kusini katika Msumbiji ya leo, iko mwendo wa nusu mwezi, na kwamba mwezi mwingine mbele yake kuna Yufi, inakotoka dhahabu ya vumbi. Kisha ile sentensi yenu ya mji mzuri. Na mara tu baada yake, sentensi ambayo waongoza wageni huificha: nyumba zake ni za miti, na mapaa yake ya nyasi.

Mgeni wako amesimama mbele ya ukuta wa matumbawe na chokaa, akisikia maneno hayo lazima akuulize, na una haki ya kumjibu. Msikwepe. Mwenye mawe alikuwa sultani na wenye mali; watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta hivyo chini ya ardhi ya Kisiwani. Aliyekuja kutoka baharini akapita mitaani aliona zaidi nyumba za watu wengi. Tatizo langu na Ibn Battuta liko kwingine: hakutaja Husuni Kubwa, kasri la sultani.

Fikirini. Sultani aliyempokea ni Al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali uliotawala tangu mwishoni mwa karne ya 13. Sultani huyu ndiye aliyejenga Husuni Kubwa juu ya genge linalotazama bahari: vyumba zaidi ya 100, nyua, ngazi za kushukia majini, na lile birika la pembe nane ambalo wageni hulipiga picha kuliko mihrabu yoyote. Jina lake na cheo chake, Al-Malik al-Mansur, vilikutwa vimechongwa kwenye jiwe pale pale, mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alipochimba miaka ya 1960. Upanuzi wa Msikiti Mkuu kwa makuba na matao unahesabiwa pia kuwa kazi ya zama zake. Na mgeni wetu, aliyekumbuka pilipili ya Mogadishu, haoni kasri! Mimi sina shaka kwamba alifika, maana jina la sultani analolitaja ndilo lililo kwenye jiwe na kwenye sarafu. Ila tusimtwike ushahidi ambao hakuutoa. Kasri lilielezwa na sururu za wachimbaji, na inaonekana halikukamilika kamwe.

Alichokumbuka ni kitu kingine. Sultani huyu aliitwa Abu al-Mawahib, kwa kuwa alikuwa mtoaji mno. Ibn Battuta alikuwapo siku moja ya Ijumaa, sultani anatoka msikitini kwenda nyumbani kwake. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamkatia njia.

Ewe Abu al-Mawahib!

Labeka, ewe fakiri, una haja gani?

Nipe nguo hizo ulizovaa.

Nitakupa.

Sasa hivi.

Naam, sasa hivi.

Sultani akarudi msikitini, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri: ingia uzichukue. Fakiri akazifunga kwenye kitambaa, akazitweka kichwani, akaenda zake. Watu wakamsifu sultani kwa unyenyekevu na ukarimu wake.

Hadithi nzuri, na wengi wetu tungeishia hapo. Kitabu hakiishii hapo. Mtoto wa sultani, mrithi wake, akamfuata fakiri na kuzirudisha nguo zile, akamlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyomshukuru, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Mwandishi anatuarifu kwamba zawadi za huko zilikuwa pembe kwa kawaida, na dhahabu mara chache.

Jumlisheni. Watu 20 kwa suti moja ya nguo. Hawana majina ukurasani, hatuambiwi walikuwa wanaume au wanawake, wala fakiri aliwapeleka wapi. Wametokea wapi? Ukurasa huo huo unajibu, kabla hata ya hadithi ya nguo: sultani alikuwa akienda vitani mara kwa mara katika nchi ya Wazanji, akivamia na kuteka, akitenga sehemu moja ya tano ya nyara kama sheria ya Kiislamu inavyotaka, na kuwekea masharifu, yaani watu wa ukoo wa Mtume, hazina yao peke yake. Masharifu walikuja kwake kutoka Iraq, Hijazi na kwingineko. Ukarimu uliosifiwa pale mlangoni mwa msikiti ulikuwa na chanzo chake, na chanzo hicho kilikuwa watu wa bara hii hii tunayoikanyaga sasa, upande huu wa maji.

Nimesikia hoja kwamba tusiwaambie wageni hayo, kwamba tutaharibu sifa ya mji. Siikubali. Mgeni akirudi kwake akasoma kitabu atayakuta, na atajua kwamba tulimficha. Lakini hata bila mgeni, watoto wanaovuka kutoka Masoko kwenda kuangalia magofu wana haki ya kujua kwamba ukuta ule una pande mbili, na kwamba huenda babu zao walikuwa upande wa pili.

Tena mkumbuke mizani aliyotumia msafiri. Aliishi kwa kupokewa. Farasi, nguo, fedha, chakula, vyote alivipata kwa watawala, na kitabu kizima kinawapima watawala kwa kile walichotoa. Al-Hasan alipofariki, anasema, akatawala ndugu yake Daud, aliyekuwa kinyume chake kabisa. Maskini akija mlangoni, Daud alijibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha kitu cha kutolewa. Wageni wakakaa miezi na miezi wakipewa kidogo, hata wakaacha kuja. Katika kitabu Daud ni bahili. Mimi namhurumia kidogo. Mtu aliyeachiwa kasri lisilokwisha, msikiti wa makuba, na foleni ya wageni wa heshima kutoka nchi za mbali, huenda alikuwa wa kwanza kufungua sanduku na kuhesabu kilichobaki. Hayo ni maoni yangu. Mwalimu anaweza kuyatupa darasani kama mjadala akaona vijana watasema nini.

Kuhusu fedha, kuna shahidi mwingine wa zama zile ambaye hakusafiri kwa ajili ya kupokewa. Sarafu za Al-Hasan ni za shaba, ndogo, hazina mwaka, upande mmoja jina lake na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande mbili zinaoana kwa vina. Za dhahabu zimepatikana chache mno. Moja ya shaba yenye jina lake ilikutwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe huko bara kusini, katika uchimbaji wa miaka ya 1970. Shaba ile haikuwa na thamani ya kununulia dhahabu huko bara, bila shaka ilikwenda mfukoni mwa mtu au shingoni mwake, lakini inathibitisha njia ambayo Ibn Battuta aliisikia tu kwa mdomo wa mfanyabiashara. Sarafu nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na kuhusu hizo kila mtu ana hadithi yake, mimi sitaongeza yangu.

Na kwa nini Kilwa, isiwe Sofala yenyewe? Msimu. Chombo kilichotoka Arabuni kwa kaskazi kinaweza kufika hapa, kikauza, kikapakia, na kurudi kwa kusi mwaka huo huo. Kikienda kusini zaidi kinahatarisha kukwama hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo dhahabu ililetwa hapa kwa vyombo vya pwani, na mwenye hapa alitoza. Utajiri ule wote wa mawe umekaa juu ya hesabu ya upepo. Ibn Battuta mwenyewe aliondoka hapa kwa bahari hadi Zafari, upande wa Omani ya leo, bila shaka kusi kikiwa kimeshaanza.

Mmeniuliza kwa maandishi dunia nyingine ilikuwaje mwaka huo. Kwa ufupi. Mwezi Machi 1331 Waturuki wa sultani Orhan waliuteka mji wa Nicaea, katika Uturuki ya leo, kutoka kwa Warumi wa Constantinople. Msafiri wetu alipita huko muda si mrefu baadaye akaukuta karibu gofu, wanajeshi wachache tu wa sultani ndani yake. Wekeni picha hiyo kando ya Kilwa ya mwaka ule. Japani, mfalme Go-Daigo alikimbia mji wake mkuu akijaribu kuwapindua watawala wa kijeshi, akakamatwa na kupelekwa uhamishoni mwaka uliofuata. Serbia, Stefan Dušan alitawazwa mwezi Septemba baada ya kumwondoa baba yake. Na Delhi, miaka hiyo hiyo, sultani Muhammad bin Tughluq alikuwa amelazimisha sarafu za shaba zipokewe kwa thamani ya fedha. Watu wakazifua majumbani mwao, hazina ikajaa takataka, akazifuta. Baadaye Ibn Battuta akawa kadhi wake. Ukilinganisha na shaba ya Kilwa, ambayo ilikubali kuwa chenji tu na ikazunguka katika visiwa hivi bila kumhadaa mtu, naona masultani wetu walijua mpaka wa shaba kuliko yule wa India.

Sasa kazi yenu, vijana. Ninapendekeza mbadilishe njia ya ziara. Msianzie kwenye bango. Mpelekeni mgeni kwanza Msikiti Mkuu, msimame sehemu ya makuba, mmweleze Ijumaa ile na nguo zile, na msimulie hadi mwisho, hadi mtu wa ishirini. Akiuliza maswali magumu, jibuni mnachokijua. Kisha mtembeeni hadi Husuni Kubwa, mkafike kwenye birika, hapo ndipo mmwambie kwamba msafiri mashuhuri kuliko wote alikuwa mgeni wa mwenye kasri hili na hakuacha neno hata moja juu yake. Walimu, ninyi mna somo zima la namna ya kupima ushahidi: nani anasema, kwa nani, baada ya miaka mingapi, na nani alimlisha.

Maji yanakupwa mapema leo, na nahodha ameshaniashiria mara mbili. Maswali yaliyobaki tutayajibu mashuani.